Toleo la Kwanza la Watano

Osewe alipofika Soko la Toi, stepla ya kuazima mkononi, alimkuta mama yake akifungia wateja mandazi kwa kurasa za komiki yake.

Lilikuwa toleo la kwanza kabisa la Watano wa Laini Saba, kazi ya miaka miwili. Alikuwa ameziacha kurasa nyumbani Kawangware, ndani ya katoni, akaenda Riruta kutafuta stepla ya kuzibania. Mama akadhani ni karatasi kuukuu za kufungia, kama zile anazonunua kila wiki, akaibeba katoni sokoni.

"Mama, hizo ni zangu."

Mkono wa mama ulisimama hewani. "Si ungeniambia, baba."

Mafuta yalikuwa yamemwingia Muuza Maji, mmoja wa mashujaa watano wa komiki, anayebeba mto mzima mabegani. Osewe alimpangusa kwa kidole gumba, na uso wote ukatoka na kidole. Akapekua katoni. Hakukuwa na nakala hata moja iliyobaki kamili, na stensili alizochapia zilikuwa zimeshachanika, hangeweza kuchapa nyingine.

Hakuweza hata kulia.

Fundi mmoja wa mawe, aliyenunua asubuhi, alirudi na karatasi yake imelowa mafuta.

"Mama Osewe, niongezee mbili."

Mama akachukua karatasi iliyokuwa juu, shingo upande.

"Sio hiyo," fundi akasema. "Hii yangu, ya sita, inaishia wakiwa wamezingirwa na moto, wote watano. Walitoka?"

Osewe akapiga magoti kando ya katoni, akaanza kutafuta ukurasa wa saba.