Sifuri ya Mbele

"Cheti kimekataliwa tena, dada," Nesi Mwanahawa alisema kwenye simu kutoka zahanati. "Mama huyu anavuja damu na faili lake halifunguki. Sijui hata kundi lake la damu."

"Usikate simu," Zamzam alijibu.

Programu yake ndiyo iliyotengeneza vyeti vya kidijitali vya kufungulia mafaili ya wagonjwa. Tangu juzi nusu vilikubaliwa, nusu vikakataliwa, bila mpangilio. Alikuwa amechapisha baiti za cheti hiki, vipande vidogo vya data vinavyokiunda, kwenye karatasi, akazifuata kwa penseli: aina, urefu, kilichomo, tena aina, urefu, kilichomo. Penseli ikasimama kwenye namba ya cheti. Biti yake ya kwanza, tarakimu ambayo kwa kompyuta ni sifuri au moja tu, ilikuwa moja, na namba inayoanza hivyo mashine huisoma kuwa hasi, isipokuwa itanguliwe na sifuri; na cheti chenye namba hasi hukataliwa.

Sifuri hiyo haikuwepo. Juzi, akisafisha programu, Zamzam mwenyewe aliandika mstari wa kufuta sifuri zote za mbele. Aliona zimekaa bure tu.

Aliufuta mstari ule, akatengeneza cheti upya, akakituma.

"Kimefika," nesi alisema. Vitufe vikalia. "Faili limefunguka, dada."

Simu ikawekwa mezani bila kukatwa. Zamzam akasikia kandambili zikikimbia, mlango ukijibamiza, na sauti ya nesi ikimtajia mtu kundi la damu. Akaishika penseli, akaandika sifuri mbele ya ile namba, taratibu, kama anayemwekea mgeni kiti, huku akiendelea kusikiliza.