Duka Limefungwa Mchana Kweupe

Mwenye duka la rangi alishusha mlango wa bati mchana kweupe, akajipulizia manukato shingoni, akatoka kwenda kumfumania mkewe.

Mteja ndiyo kwanza anafika, mkononi kipande cha mbao cha kulinganishia rangi. "Jamani! Na leo tena?"

"Njoo kesho, ndugu yangu. Nina dharura."

"Hata jana ulikuwa na dharura!"

Mwenye duka akatia kufuli, akaenda zake. Kuchanganya rangi alikujua peke yake. Akiondoka yeye, basi tena, hapauzwi kitu. Lakini duka na mke, kipi kinauma zaidi?

Na tusimwonee, mambo yalianza kwa wema. Ni yeye aliyesema, "Nenda kasome, mama watoto, akili yako hiyo inaozea jikoni bure." Mke akajiunga na chuo, shahada ya usimamizi wa biashara, masomo ya alasiri. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mke alirudi na maneno mapya, kabati la vyombo akaliita ghala, watoto akawaita wafanyakazi wazembe, na nyumba nzima ikacheka.

Kisha akaingia Mrefu.

Mrefu alikuwa kijana wa darasani kwao, kiongozi wa kikundi walichopangiwa kufanya nacho kazi. Ghafla kila jambo likawa Mrefu. Mrefu kasema hivi, Mrefu kapendekeza vile. Mwenye duka akavumilia weee, mwisho akauliza kwa sauti ya utani, "Huyo Mrefu wako kaoa?"

"Sijui. Tuna kazi ya kikundi, mume wangu, hatuna posa."

Jibu lilikuwa zuri, lakini wivu una masikio? Tangu siku hiyo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza unachoma, akitema hautoki.

Akaanza kumfuata. Kila alasiri mke akienda chuo, naye huyo nyuma yake. Alinunua shati la kijana na manukato ili afanane na wanafunzi, akawa anajibanza nyuma ya nguzo, nyuma ya ua, nyuma ya gari la mhadhiri. Na mambo aliyaona. Aliwaona wawili hao wameinamia simu moja, vichwa vinakaribia kugusana. Alimwona mkewe ananyamaza ghafla mtu akipita. Tena siku moja, akirudi dukani, alimkuta Mrefu mwenyewe kasimama ng'ambo ya barabara, anapiga picha ule mlango wa bati! Kijana alipomwona akapotelea kwenye watu.

"Ala! Mwizi huanza kwa kupima nyumba," mwenye duka akajisemea.

Nyumbani nako kukachacha. Mke aliacha utani. Simu yake akawa anailaza kifudifudi, na mumewe akawa anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Shati jipya hilo?"

"La siku nyingi, hukuliona tu."

"Na manukato?"

"Ya kuua harufu ya rangi."

"Miaka yote hii harufu ya rangi haikukusumbua," mke akasema, akainuka na sahani yake kabla hajashiba.

Mwenye duka akaumia. Ananitafutia makosa, akawaza, ili siku akiniacha awe na la kuwaambia watu. Mke niliyemsomesha mwenyewe!

Biashara nayo ikawa inazama. Makopo yakashika vumbi, wateja wakahamia kwa jirani. Hata hilo alimlaumu Mrefu. Kijana kaniletea nuksi, alisema, hana haya.

Basi leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Alikuwa amekata shauri kwamba atarudi nyumbani na mkewe, au atarudi peke yake na akubali kwamba ameachwa.

Aliwakuta maktaba, meza ya mwisho kabisa, wawili peke yao. Akanyata hadi nyuma ya rafu ya vitabu, ngumi kaikunja, akachungulia penye upenyo.

Mkewe alikuwa analia. Mrefu alikuwa anampa kitambaa.

Damu ikamchemka. Alikwishainua mguu ili atokeze, Mrefu akafungua kinywa.

"Pole, dada. Lakini mhadhiri anataka jibu leo. Wewe mwenyewe ulichagua duka la shemeji, ukasema tumkuzie biashara bila kumwambia, iwe zawadi. Tumechunguza kila kitu. Mahali pazuri, bei nzuri, wateja wanampenda. Ila kila alasiri tukipita, kumefungwa. Duka linakufa tunaliona! Sasa chanzo tuandike nini?"

Nyuma ya rafu, ngumi ikalegea yenyewe.

Mke alipenga kamasi, akakaa sawa. "Shati jipya. Manukato. Mimi nikitoka tu nyumbani, naye anafunga duka anaondoka. Mbona jibu liko wazi?" Akavuta pumzi, akakunja uso. "Haki ya Mungu, hata hapa naisikia ile harufu yake. Nitarukwa na akili mimi."

"Kwa hiyo, dada?"

"Andika chanzo ni mwanamke. Na siku nikimtia machoni huyo mwanamke, atanitambua!"