Sahani ya Mgeni

Siku hizi televisheni inaonyesha hata vipindi ambavyo havikuwahi kutengenezwa. Ijumaa moja, tulipomaliza tu chakula cha mchana, ikafika zamu ya kipindi alichokiandika marehemu mama yangu, ambacho kituo kilikikataa kabla sijazaliwa.

Kilihusu mwanamke anayesafiri kurudi miaka arobaini nyuma. Anatokea jikoni kwa watu akiwa na njaa, anakuta sahani ya wali imefunikwa kwa kawa, anakula, kisha anaondoka. Basi.

"Mbona jiko lile ni la kwenu Pangani?" akauliza mume wangu, Mbwana.

Lilikuwa lile lile. Utotoni mwangu, kila mchana mama alifunika sahani moja ya ziada. Nikimuuliza ni ya nani, husema, "Ya mgeni. Atakuja na njaa." Siku moja tu tuliikuta tupu, naye mama akaishika sahani ile akalia huku akicheka.

Kwenye kioo cha televisheni, yule msafiri akageuka. Sura ilikuwa yangu, na kanga ilikuwa hii hii niliyovaa.

"Salme," Mbwana akanong'ona, "ni wewe."

Tulikuwa tumetoka kula sasa hivi, lakini njaa ilishaanza kuniuma.