Gauni la Bluu

Edina alisukuma karatasi zake za kudai talaka kwenye dirisha la karani wa mahakama, akashusha pumzi. Miezi mitatu mizima alikuwa amemchekea mumewe na kumpikia maini anayoyapenda, kwa sababu wakili alimwonya: "Dada, usifungue shauri kabla hati ya nyumba haijatoka kwa jina lako. Mume akimpa mkewe nyumba, hakuna kodi. Shauri likishafunguliwa, utalipa mpaka ukome."

Hati ilitoka jana.

Karani alisoma majina, akainuka, akarudi na faili jembamba.

"Mama, shauri hili lipo tayari. Mumeo amelifungua leo, saa mbili asubuhi."

"Yothamu? Yothamu wangu?"

Karani alimgeuzia faili, naye akauona mwandiko anaoujua, ulioinamia kushoto: *Sidai nyumba. Nilisubiri hati itoke kwanza, mke wangu asije akakatwa kodi.*

Alfajiri Edina alikuwa amemdanganya mumewe kwamba anakwenda kwenye kikao cha harusi. Yothamu hakuuliza harusi ya nani. Alilichukua gauni lake la bluu, akalipiga pasi taratibu mpaka kwenye kola, akamkabidhi.

"Vaa hili," alisema. "Watu wa kule wanaangalia mavazi."

"Mama, nizipokee hizi zako, au?" karani aliuliza. "Kaa basi kwenye benchi ufikirie."

Edina alibaki amesimama wima, mikono ameiachanisha na mwili, akiogopa gauni lisije likajikunja.