Mkia wa Herufi R

Upepo uliinua turubai kwenye gari la afisa wa elimu, nikaona kibao cha shule.

Tulikuwa tumepanga mlolongo wa kupiga kura. Waliotaka sekondari ijengwe huku Kegonga walisimama nyuma ya Mzee Gisiri, mwandika vibao na mwenyekiti wa kamati. Waliotaka ijengwe ng'ambo ya mto walisimama nyuma ya naibu wa chifu. Mstari wetu ulifika hadi sokoni. Aprili iliyopita mto huo ulimchukua dada yangu akiwa na sare ya shule.

"Msinisukume," Mzee Gisiri alitania. "Leo hata walevi wameamka mapema."

Kibaoni palikuwa na neno SEKONDARI na jina la kilima cha ng'ambo. Rangi ilikuwa imekauka kitambo. Mkia wa herufi R ulijikunja kama wa mbwa.

Mtu mmoja tu huchora R hiyo. Ameandika maduka yote ya Kegonga, na ndiye aliyenifundisha kusoma kwenye kuta hizo, akiniongoza kidole.

"Mzee, kile kibao ni kazi ya nani?"

Hakugeuka.

"Simama vizuri, kijana wangu. Tunahesabiwa."

Nilitoka mstarini, nikaenda nikashika kona ya turubai.