Mdogo Wake Tingatinga

"Aliyefanyiwa unyama ni mdogo wangu," Tingatinga alisema, kabla hata hajakaribishwa kukaa.

Askari wa zamu, dada mmoja mpole, alimsogezea kiti. Akakaa, kiti kikalia kwa uzito. Hilo jina hakupewa bure. Kule ghala la saruji anabeba mifuko miwili kwa mpigo huku anapiga mluzi.

"Pole sana, kaka. Nani kamfanyia?"

"Bosi wake. Alimfungia stoo. Akamwambia haya, piga kelele, tuone nani ataaminiwa."

"Jamani. Sasa anaendeleaje?"

"Kulala halali, kula hali. Anaoga, akimaliza anaoga tena. Anajiona yeye ndiye mwenye makosa."

"Hana kosa hata chembe. Mwambie hivyo. Mwambie sisi tunamwamini."

Tingatinga akainama. Maneno hayo aliyatafuta wiki nzima. Alitamani dada ayarudie.

"Ameolewa?" dada akauliza, kalamu mkononi.

"Bado hajaoa."

Kalamu ikasimama. Meza ya pili, askari mwenye kitambi akainua macho kutoka kwenye simu yake.

"Kumbe ni dume? Na huyo bosi je?"

"Mwanamke."

Kitambi kikaanza kutikisika. "Sasa huyo si aje atununulie soda? Wenzake wanaililia bahati hiyo. Na mwili wake ukakubali, halafu eti kalazimishwa."

"Mtu akiogopa, mwili haumsikii," Tingatinga alisema, sauti imeshuka.

"Aogope nini? Kama mmefanana, nani wa kumshika huyo?"

Dada aliuma midomo, lakini kicheko kikamponyoka puani. Akafunika kalamu. "Basi, kaka, mwambie aje mwenyewe. Kama kweli ana shida."

"Nitamwambia."

Akatoka. Watu walikuwa wanapishana barabarani, kila mtu na lake. Simu ikaita: mama. Tingatinga akaegemea ukuta wa duka lililofungwa, akasafisha koo kwanza.

"Mbona sauti hivyo, mwanangu?"

"Vumbi la saruji tu, mama."

"Vumbi nalijua. Hapo kuna neno, unanificha." Mama akashusha pumzi. "Ndiyo maana huwa najilaumu. Ningekuzalia hata mdogo mmoja, leo ungekuwa na wa kumweleza."