Ukumbi Unaotoka Vizuri kwenye Picha

"Wewe, sogea! Unaingia kwenye picha."

Kijana wa mabegi akarudi nyuma hatua mbili, mabegi mawili begani, mawili mkononi, mwavuli kwapani. Akasimama karibu na mlango wa ukumbi, mahali ambapo hata kivuli chake kisingemkera mtu.

Mama Funguo alitazama yote hayo akiwa amekunja mikono. Walimwita hivyo kwa sababu ya rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msimamizi wa ukumbi huu, akiishi kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona watu wa kuchefua kama hawa.

Bibi harusi hakuuliza viti viko vingapi. Hakuuliza kama vyoo vina maji. Aliuliza jua linapigia wapi saa kumi jioni. Mama yake, aliyejipaka poda mpaka uso na shingo vikaonekana vya watu wawili tofauti, alishika simu, akawa anainama, anachuchumaa, anafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta.

"Hii feni itolewe," akasema.

"Feni imefungwa kwenye dari, mama."

"Basi ifunguliwe. Kwenye picha inaonekana kama buibui."

"Wageni watasikia joto."

"Joto halionekani kwenye picha."

Mama Funguo akameza jibu lililokuwa limeshafika ulimini. Angekuwa na uwezo angewafungia mlango usoni. Lakini mwenye ukumbi alishasema wazi: mwezi ukiisha bila harusi hata moja kuandikishwa, ukumbi unageuzwa ghala la saruji, na kile chumba cha nyuma kinabomolewa ili malori yapate njia. Zilikuwa zimebaki siku mbili, na Mama Funguo hakuwa na pengine pa kwenda. Kwa hiyo akatabasamu, meno tu.

Katikati ya jukwaa alisimama mwanamume mmoja mrefu aliyeingia pamoja nao. Mzuri kweli, hilo hakumnyima: kifua kipana, kidevu cha kuchongwa, suti imemkaa. Bibi harusi akamwegemea, mama mtu akapiga picha, wakakimbilia simu kutazama. Wakaenda dirishani, picha. Wakaenda kwenye ngazi, picha nyingine kumi. Yule mrefu hakuuliza kitu wala hakusema neno. Aligeuza shingo tu pale alipoambiwa ageuze. Kichwa kitupu, Mama Funguo akawaza. Wamepatana hawa, watazaa albamu.

Kule mlangoni kijana wa mabegi akakohoa. "Na mimi nitasimama wapi?"

"Huko huko," bibi harusi akasema bila kugeuka. "Siku ikifika nitakwambia."

"Na wewe naye!" mama mtu akadakia. "Huoni tuna kazi?"

Hapo uvumilivu ukamwishia Mama Funguo. Akavuta kiti, akampelekea kijana pamoja na glasi ya maji. Kijana alikuwa mfupi, upara umemuwahi, shati limelowa jasho mgongoni. Alitua mizigo yake, akaketi, akaipokea glasi kwa mikono miwili.

"Asante, mama."

"Wanakutendea hivi kila siku?"

"Leo afadhali."

"Umekuwa nao muda gani?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Miaka mitatu! Unangoja nini?"

Kijana akaizungusha glasi mkononi. "Nilidhani watanizoea."

Mama Funguo akasonya, kisha akamwinamia sikioni. "Nisikilize, mwanangu. Hawa si watu wa kumzoea mtu. Hata ungewabebea dunia kichwani, wangekwambia unawazibia jua. Una afya, una akili zako. Waachie mabegi yao uende zako. Leo hii hii, kabla hujazeekea mlangoni."

Kijana akamalizia maji.

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," akasema, akamrudishia glasi.

Mama Funguo akarudi jukwaani akijisikia mwepesi. Tangu asubuhi alikuwa anachekacheka kinafiki. Walau sasa alikuwa amesema la moyoni, na aliyelisikia ni yule aliyestahili kulisikia.

"Huu ndio!" bibi harusi akapiga kelele, simu ameikumbatia kifuani. "Mama, hebu ona hii! Tumeuchukua!"

Moyo wa Mama Funguo ukaruka. Chumba chake kimepona! Alikimbia kuleta daftari, akalipangusa vumbi kwa kanga yake, akalifungua juu ya meza kuu na kuandika tarehe kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Wakati huo hata poda ya yule mama aliiona nzuri. Kisha akamgeukia yule mrefu na kumpa kalamu kwa heshima zote.

"Bwana harusi, karibu utie sahihi hapa. Ndiyo sheria ya ukumbi, bila sahihi yako siwezi kuwaandikisha."

Yule mrefu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu waingie.

"Mimi? Mimi wamenikodi niwapendezeshee picha tu, mama. Bwana harusi ni huyo hapo mlangoni."

Wakageuka wote. Kwenye kiti palikuwa na mabegi manne na mwavuli, na nje ya geti mwenyewe alikuwa anavuka barabara, mikono mitupu, bila haraka, akienda zake kama alivyoambiwa.